Mumbai au Bangkok? Mji wa bajaji na mji wa tuktuk

Tanzania tunaiita bajaji, Mombasa wanaiita tuktuk. Ni chombo kilekile cha magurudumu matatu, na majina yote mawili ni ya kuazima. La kwanza limetoka kwenye kampuni ya Bajaj ya Pune, India, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka Mumbai. La pili ni mlio wa injini, na limezoeleka duniani kwa sababu ya Bangkok. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze na mji upi, humwambia kwamba yote miwili ilishamfikia mlangoni siku nyingi. Yeye ndiye hajaifikia.

Swali lenyewe naulizwa mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Wengi wetu tunaoijua miji hii tunaijua kwa shughuli. Mumbai tumempeleka mgonjwa, Bangkok tumefuata mzigo wa nguo. Safari yangu ya kwanza Mumbai nilimsindikiza shangazi kwenye matibabu. Tulikaa wiki tatu, na nilirudi nyumbani nikiijua njia moja tu, ya kutoka gesti hadi hospitali. Mtu akaniuliza Mumbai pakoje, nikakosa la kumwambia. Nilikwenda tena miaka miwili baadaye bila faili mkononi, kisha Bangkok nayo, na ndipo nilipoona tulichokuwa tunakipita.

Haya ni kwa mwenye likizo ya wiki moja hadi siku kumi na nauli ya mji mmoja. Nimeipima miji hii kwa mambo sita: kufika na karatasi zake, kuzunguka, vya kuona, chakula, msimu, na mwisho mfuko pamoja na bughudha za mtaani. Maduka makubwa na hoteli za nyota tano nimeyaacha, maana hayo hata Dubai yapo.

Kufika na karatasi

Mumbai ni jirani. Ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika Mashariki huchukua kama saa sita, na ukishuka unasogeza saa mbele kwa saa mbili na nusu tu. Bangkok mara nyingi ni ya kuunganisha, kupitia Addis Ababa au Ghuba, na tofauti ni saa nne. Usiidharau hiyo nne. Saa mbili asubuhi, wakati mwongozaji wako anakusubiri chini, mwili wako uko saa kumi alfajiri ya Dar.

Viza ya India huombwa mtandaoni. Hakikisha uko kwenye tovuti ya serikali yenyewe, kwa sababu zipo za madalali zilizopambwa zikafanana nayo, na hizo hulipisha zaidi. Kwa Thailand masharti hubadilika mara kwa mara, hivyo soma ya ubalozi kabla ya kulipia tiketi. Isitoshe, tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, anayekudai hela kwa ajili yake anakuibia.

Jambo moja la kusisitiza ni kadi ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Ichukue kwa mji wowote utakaouchagua, na uchanjwe angalau siku kumi kabla ya safari. India haina mzaha kabisa katika hili: anayetoka nchi yenye ugonjwa huo bila kadi anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6. Kwa mwenye likizo ya wiki moja, hiyo ndiyo likizo yote.

Kuzunguka

Hapa Bangkok ina urahisi ambao Mumbai haijaufikia. Treni ya juu kwa juu, BTS, ilianza 1999, ya chini ya ardhi ikafuata 2004, na kutoka uwanja wa Suvarnabhumi kuna treni inayokuleta hadi mjini, kituo cha Phaya Thai. Vibao vimeandikwa kwa Kithai na Kiingereza. Hata mtu asiyewahi kupanda treni ya mjini maishani mwake, siku ya pili anakuwa mwenyeji.

Ila raha yenyewe iko majini. Mto Chao Phraya una mabasi ya boti yanayotambulika kwa rangi ya bendera, na mfereji wa Saen Saep una boti za wafanyakazi ambazo watalii wengi hawazijui. Ukikaa pembeni unakabidhiwa, bila kuombwa, kamba ya kuvutia turubai. Boti ya upande wa pili ikikaribia, unavuta turubai juu maji machafu yasiwarukie abiria; ikipita unaachia. Kondakta hatembei ndani. Anapita nje, kwenye ukingo mwembamba wa boti, amevaa helmeti, na kwenye madaraja mafupi anainama bila kuacha kuhesabu chenji. Nilipanda mara ya kwanza kwa kukosea njia, ya pili kwa makusudi.

Tuktuk sasa? Ipande mara moja, upige picha, yaishe. Bangkok tuktuk imekuwa chombo cha wageni. Hupatana bei kwa maneno, na teksi yenye mita na kiyoyozi mara nyingi ni nafuu zaidi.

Mumbai ina kichekesho chake. Umefika nchi ya bajaji, halafu unaambiwa bajaji haziruhusiwi kuingia kusini mwa mji, ambako ndiko kuna karibu kila kitu ulichokuja kukiona. Huko utatumia teksi nyeusi zenye paa la njano, au miguu. Bajaji utazikuta kuanzia Bandra kwenda kaskazini, na kule zinatumia mita, jambo ambalo dereva wetu wa Kariakoo akilisikia atadhani ni utani.

Treni za mjini za Mumbai ni somo peke yake. Reli ya kwanza ya abiria nchini India ilianzia hapa, 16 Aprili 1853, kwenda Thane, na mpaka leo mji mzima umening'inia kwenye njia hizo, pengine hata kimwilimwili, maana milango ya treni nyingi haifungwi na watu husimama ukingoni. Kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Usipande saa mbili hadi saa tano asubuhi wala saa kumi na moja hadi saa mbili usiku. Nje ya saa hizo ni safari nzuri na ya bei ya pipi. Tangu 2025 pia kuna metro ya chini ya ardhi inayopita uwanja wa ndege hadi kusini kabisa, na imempunguzia mgeni adha kubwa ya foleni.

Vya kuona

Nianze na Mumbai, kwa sababu ndiyo inayosingiziwa kwamba haina vya kuona.

Nenda Oval Maidan alasiri. Simama katikati ya uwanja, uelekee kusini. Kushoto kwako kuna Mahakama Kuu na mnara wa saa wa chuo kikuu, majengo ya mawe ya karne ya 19 yenye ncha na matao kama makanisa ya Ulaya. Kulia kuna safu ya maghorofa ya miaka ya 1930, ya rangi za maziwa na waridi, yenye baraza za mviringo kama meli. UNESCO iliiorodhesha safu hiyo ya pande mbili mwaka 2018. Katikati, michezo ya kriketi kama ishirini inaendelea kwa wakati mmoja, mipira inapishana, na hakuna anayechanganya timu. Hakuna kiingilio. Kwangu mimi hiyo ndiyo Mumbai nzima kwenye kiwanja kimoja.

Ukitembea kidogo unafika stesheni ya Chhatrapati Shivaji Maharaj, iliyopewa jina la Malkia Victoria mwaka 1887, alipotimiza miaka hamsini kwenye kiti. Ni urithi wa dunia tangu 2004, na bado watu wanaiita VT, yaani Victoria Terminus, jina lake la zamani. Lango la India liko kusini zaidi, ufukweni, na pembeni yake ndipo unapopanda boti za kwenda kisiwa cha Elephanta. Safari ni kama saa moja, kisha ngazi zaidi ya mia, nyani wanaopora chupa za maji, na ndani ya mwamba sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, ya vichwa vitatu yenye urefu wa zaidi ya mita tano, imechongwa humohumo kwenye jabali. Mara ya mwisho nililipa rupia 600 za mgeni. Jumatatu pamefungwa.

Halafu Haji Ali. Ni kaburi la walii lililo kwenye kisiwa kidogo, na njia ya kulifikia hufunikwa na bahari maji yakijaa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa maji kujaa na maji kupwa, lakini nimewaona wageni wakishangaa njia ikimezwa mbele ya macho yao. Wanawake walizuiwa kuingia ndani kwenye kaburi lenyewe hadi mahakama ilipoamua vingine mwaka 2016.

Na lugha nayo inakukumbusha kwenu. Stesheni ya Mahalaxmi ina daraja ambalo ukisimama juu unaona uwanja mkubwa wa mabirika ya zege, watu wakipiga nguo kwenye mawe. Panaitwa Dhobi Ghat. Dobi! Ndilo neno letu lilelile. Muuza vitambaa akikutajia bei ya laki, huulizi laki ni nini. Mchana, karibu saa tano na nusu, simama nje ya stesheni ya Churchgate uwaone wanaume wa kofia nyeupe wakipakua mikebe ya chakula kilichopikwa majumbani, kila mkebe una alama za rangi zinazosema unaenda jengo gani. Kazi hiyo ilianza 1890. Hawasimami kupiga picha nawe, wana haraka; wapishe njia.

Bangkok inakuja kwa namna nyingine. Haikufichi kitu, imekiweka kando ya mto, kimepakwa dhahabu. Mfalme Rama I aliufanya kuwa mji mkuu mwaka 1782, na Ikulu Kuu aliyoianzisha ndiyo kituo cha kwanza cha kila mgeni. Ndani yake kuna Buddha wa Zumaridi, ambaye si wa zumaridi bali wa jiwe la kijani kama jedi, na ana urefu wa sentimita 66 tu. Umelipa baht 500, umesukumana na umati, halafu unakodolea macho kitu kidogo kilichoketi juu kabisa kwenye madhabahu. Mfalme humbadilishia mavazi mara tatu kwa mwaka, kufuata majira. Nilisikia mzee mmoja mtalii akinung'unika kwamba ni kadogo mno. Mimi udogo huo ndio ulionikaa.

Wat Pho, hekalu la jirani, ina kinyume: Buddha aliyelala, mita 46 kutoka kichwa hadi nyayo, na nyayo zenyewe zimepambwa kwa lulumizi. Vuka mto kwa kivuko cha baht chache uende Wat Arun, mnara uliovishwa vipande vya vyombo vya kaure. Na usiikose Wat Traimit, mtaa wa Wachina. Pale pana Buddha wa dhahabu mwenye uzito wa tani 5.5 ambaye kwa miaka mingi alidhaniwa ni wa lipu. Mwaka 1955 walikuwa wanamhamisha, akaanguka, lipu ikapasuka, ndani kukang'aa.

Ukichoshwa na mahekalu, nenda bustani ya Lumphini asubuhi. Kenge wakubwa wanajikokota kutoka ziwani na kukatiza njia za wakimbiaji, na wakimbiaji wanawapisha. Jumamosi na Jumapili kuna soko la Chatuchak, la maelfu ya vibanda. Utapotea, usipambane nalo. Na kwa siku moja ya nje ya mji, Ayutthaya iko kama kilomita 80 kaskazini, mji mkuu wa zamani uliobomolewa na jeshi la Burma mwaka 1767. Treni ya daraja la tatu inafika huko, madirisha wazi, wauza vyakula wanapita ndani kama reli yetu ya kati.

Ulinganisho wa haki hapa ni huu: Bangkok vitu vyake ni vya kutazama, Mumbai vyake ni vya kutazama watu wakiishi ndani yake. Mtu asiyependa umati ataiona ya pili kama fujo tu.

Dokezo kwa akina dada na akina mama: kanga kwenye begi itakufaa miji yote miwili. Ikulu ya Bangkok haikuruhusu mabega wala magoti wazi, na Haji Ali unajitanda kichwani.

Chakula

Mumbai, mkate wa mtaani ni vada pav: kinyunya cha viazi kilichochovywa kwenye unga wa dengu na kukaangwa, kikawekwa ndani ya mkate mdogo na chatne ya vitunguu saumu. Ukikipasua utacheka. Ni kachori yetu, ile ya Tanga na Zanzibar, imevishwa mkate. Lakini ukiomba kachori kule utaletewa kitu kingine, cha unga, kilichotuna kama puto. Wasiokula nyama wamefika nyumbani, maana hakuna mji niliowahi kuona unaowatunza hivi. Waislamu wana barabara ya Mohammed Ali, na usiku wa Ramadhani mtaa ule haulali. Aprili na Mei ni msimu wa maembe ya Alphonso, yanayouzwa kwa dazani ndani ya maboksi ya nyasi kavu. Nunua mawili kwanza, uonje, kabla hujajifunga.

Bangkok ina chakula cha mtaani kinachosifiwa dunia nzima, na sifa si za bure: saladi ya papai bichi linalopondwa kinuni mbele yako, supu kali ya kamba yenye mchaichai, wali wa kunata kwa embe na tui. Tui la nazi litakufanya ujisikie Pemba. Matunda nayo, shokishoki na doriani kila kona, ingawa hoteli nyingi zimebandika tangazo la kukataza doriani vyumbani. Tatizo ni nguruwe. Yumo kwenye mchuzi, kwenye mafuta, kwenye vitu usivyovidhania. Kwa Mwislamu, tafuta alama ya halali au kaa karibu na mitaa yenye misikiti, kwa mfano Bang Rak, kwenye msikiti wa Haroon. Inawezekana kabisa, ila ni lazima uulize.

Pilipili, kote kote, ni za kweli.

Msimu

Miji yote miwili ni mizuri Novemba hadi Februari. Tofauti iko kwenye adhabu ukikosea. Mumbai mvua hunyesha Juni hadi Septemba, na siyo mvua ya kujikinga kwa mwavuli: tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja. Boti za Elephanta husimama bahari ikichafuka. Bangkok mvua zake, Mei hadi Oktoba, mara nyingi ni za jioni, zinapiga kisha zinaacha. Adhabu yake ni Aprili, joto la kukukausha ulimi, ila tarehe 13 hadi 15 ndipo wanaposherehekea Songkran, mwaka mpya wao, mji mzima ukimwagiana maji. Mumbai nayo ina sababu ya kukubali kulowa: sikukuu ya Ganesh, mungu mwingine wa Wahindu, Agosti au Septemba, sanamu zinapopelekwa kuzamishwa baharini Chowpatty.

Mfuko na bughudha

Bangkok utapata chumba kisafi kwa bei ambayo kusini mwa Mumbai itakupa dirisha linalotazama ukuta. Kula na kusafiri Mumbai ni rahisi mno. Kulala ndiko kunakokamua. Bangkok mashine za kutolea pesa hukata zaidi ya baht 200 kila ukitumia kadi ya nje, hivyo toa nyingi kwa mkupuo. Mumbai hata chai ya kando ya barabara hulipiwa kwa simu, kama lipa namba kwetu, lakini mgeni asiye na akaunti ya huko mara nyingi hana namna. Tembea na noti ndogo.

Bughudha ya Bangkok ina tabasamu. Karibu na Ikulu atakujia mtu nadhifu akuambie leo pamefungwa, ila kuna tuktuk ya bei poa itakayokuzungusha. Itakuzungusha hadi duka la vito. Ikulu haijafungwa. Mumbai bughudha ni ya kukodolewa macho na kuombwa picha, na mtu mweusi ataombwa zaidi. Wengine huwakera, mimi siku ya tatu nilizoea, ya tano nikaanza kuomba zao. Thailand, chunga ulimi kuhusu mfalme, hilo ni kosa la jinai. Saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni wimbo wa taifa ukipigwa stesheni, simama kama wao.

Nani aende wapi

Unasafiri na watoto, au ni mara yako ya kwanza kutoka Afrika: Bangkok. Kuzunguka hakukuchoshi, na mtoto akilia kwa njaa kuna duka hatua kumi mbele.

Una siku tano tu, tangu kutoka nyumbani hadi kurudi: Mumbai, kwa sababu ya safari fupi na saa chache za kuzoea. Unapenda historia ya bahari yetu, majahazi, maneno yaliyovuka na pepo za kaskazi: Mumbai tena, na wala usifikirie mara mbili.

Fungate? Bangkok, ukiwa na nafasi ya kuteremka visiwani baadaye. Mnakula halali tu na hamtaki kuuliza uliza, Mumbai. Unasafiri peke yako na wewe ni mwanamke, nimewauliza dada zangu wawili waliokwenda kote: mmoja alisema Bangkok usiku alitembea kwa raha zaidi, mwingine akasema Mumbai alipata watu wa kuongea nao, kwa Kiingereza, bila kutafuta.

Na kama unakwenda kumsindikiza mgonjwa au kufuata mzigo, mji umeshachaguliwa. Ongeza siku mbili. Mumbai zitoe kwa Oval Maidan na Elephanta, Bangkok kwa mto na Ayutthaya.

Shangazi yangu amepona, na mwaka huu amenipigia simu: anataka kurudi Mumbai, safari hii bila faili, apande ile treni ya wanawake aliyokuwa akiisikia tu kutoka dirishani. Nimemwambia sawa, shikamoo shangazi, ila hatupandi saa mbili asubuhi.